Pima Arobaini za Torakichi

Huku kwetu Orikura, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, zamani mtu akijigamba kwamba kavua samaki mia, na ndoo yake ikaonekana haijafika hata nusu, hakuitwa muongo. Aliambiwa tu, "Hizo pima za Torakichi," watu wakacheka, naye mwenyewe akacheka, mambo yakaishia hapo. Maneno hayo yalikuwa matamu midomoni mwa kijiji kizima isipokuwa mwa mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa Kinue, maana Torakichi alikuwa baba yake mzazi.

Torakichi alikuwa mvuvi wa ziwani, mfupi kuliko wanaume wote wa hapa na kuliko wanawake wengi pia. Mkewe alimzidi kichwa kizima, na siku ya kupiga picha ya harusi ilibidi asimamishwe juu ya kasha la chai, ambalo mpiga picha, kwa uzembe au kwa makusudi, aliliacha lionekane. Kinue alirithi kimo cha baba na mikono ya baba, mifupi, minene, mikono ya kazi. Kila koti alilowahi kulivaa maishani ilibidi mikono yake ikunjwe mara mbili.

Alikuwa na miaka tisa siku ile jambo lenyewe lilipotokea. Ilikuwa kiangazi, wako wawili mtumbwini katikati ya ziwa, baba akatupa jiwe la nanga na jiwe lisifike chini. Sasa, kila mtu hapa anajua ziwa letu lina kina cha pima kumi na mbili, kumi na tatu ukitaka kuliheshimu. Torakichi akaunga kamba ya nanga na kamba ya wavu, akaunga na nyingine aliyokuwa ameikalia, akaliachia jiwe lishuke mpaka kamba ikalegea mkononi. Halafu akaanza kuivuta juu, akiinyoosha pima baada ya pima, mikono wazi kutoka ncha ya vidole mpaka ncha ya vidole, na Kinue akihesabu kwa sauti. Walifika arobaini, mtoto sauti imemkauka kwa furaha.

Jioni ile Torakichi aliwasimulia wenzake kwenye nyumba ya chama cha wavuvi, nao walicheka mpaka wakamwaga sake, pombe yao ya mchele. Aliyecheka zaidi ni Tatsuzo, kijana wa mdomo mkali wakati ule, ambaye alimuuliza kama huko chini aliwasikia watu wa upande wa pili wa dunia wakipika. Torakichi akawaomba waende naye kesho yake wakapime wenyewe. Lakini nani apoteze siku ya uvuvi kwenda kupima uongo? Hakuna aliyekwenda, wala kesho yake, wala mwaka uliofuata.

Basi alimwonyesha binti yake alama, kama mvuvi anavyomwonyesha mrithi wake. Ncha ya paa la mnara wa kengele wa hekalu iingie katikati ya pengo la mlima Ushidake, na lango jekundu la madhabahu ya ufukweni ligusane na jabali lililopasuka. Alama hizo mbili zikikaa sawa kwa pamoja, uko juu ya shimo. Torakichi alifariki Kinue akiwa na miaka kumi na saba, na hata pale msibani kuna mtu aliuliza kaburi lichimbwe pima ngapi.

Kinue aliolewa na Naoji, fundi wa mapipa ya mbao, mwanaume mwema ambaye maneno yake ya wiki nzima ungeweza kuyatia kwenye kikombe kimoja cha chai. Wakapata binti mmoja, Fumi. Kinue hakuwa mwanamke wa kununa, nataka hilo lijulikane. Alikuwa na kicheko kikubwa kwa mwili mdogo vile, mboga zake za kutia chumvi zilisifiwa mpaka kijiji cha ng'ambo, na ziwa likiganda hapakuwa na mwanaume aliyemshinda kutoboa barafu. Mapigo ishirini ya mtaimbo, shimo tayari, amekaa juu ya kasha lake anavua wakasagi, visamaki vyembamba vya kukaanga, huku akivisemesha kama wageni waliochelewa.

Ila hizo pima zilimfuata kila mahali. Akimwambia mama mkwe wali umeiva, mama mkwe anainua kifuniko kuhakikisha, maana huyu ni binti wa nani? Hayo aliyamudu. Lililomuuma ni siku Fumi aliporudi kutoka shuleni macho yamevimba. Mtoto alikuwa ameandika insha kwamba babu yake ndiye aliyegundua mahali penye kina kirefu kuliko pote ziwani, na darasa zima, pamoja na mwalimu, likaangua kicheko. Kinue alimfuta machozi, akamkaangia samaki, halafu akaenda nyuma ya ghala akalia peke yake. Hakulia kwa ajili yake, alilia kwa ajili ya mzee wake, ambaye hakuwahi kudanganya hata bei ya samaki.

Miaka ikapita, vita ikaja ikaenda, Fumi naye akaolewa. Kisha, majira ya baridi ya mwaka 1954, mkoa ukamtuma mhandisi aje kupima kina cha ziwa na kulichorea ramani.

Jina lake Bwana Kuwabara, mtu wa miwani, mwembamba, mwenye kuogopa barafu na kuikanyaga kama paka aliyeloa miguu. Mashine za kupimia kina kwa mlio zilikuwepo tayari, lakini zilikuwa za meli za baharini; sisi watu wa milimani tuliletewa kamba. Na kusema kweli kamba ilifaa. Ziwa lililoganda ni uwanja: unatembea juu yake kwa mistari iliyonyooka, kila hatua mia unatoboa shimo, unashusha bildi, lile pande la risasi lililofungwa mwisho wa kamba, unasoma kina kwenye vitambaa vilivyoshonwa kila mita. Chini ya bildi hupakwa mafuta ya ng'ombe, ili inaporudi juu ije imegandiwa na tope au mchanga, mhandisi ajue chini kuna nini. Alitafutwa mtu wa kutoboa na kushusha kamba. Chama cha wavuvi kilimtaja Kinue, na hapo hata Tatsuzo hakufanya mzaha, kwa kuwa kuhusu mtaimbo hapakuwa na mjadala.

Kinue aliipenda kazi ile kupita kiasi. Kila bildi ilipogusa chini aliihisi kwenye vidole, akajua kabla ya kuivuta kwamba hapa ni tope, hapa ni changarawe, na Bwana Kuwabara akiangalia mafuta anakuta kweli. Wiki ya pili mhandisi akaanza kumuuliza kwanza yeye. Adhuhuri walikaa juu ya kigari cha kuteleza, wanakula matonge ya wali na mboga za chumvi, mhandisi akiandika namba zake na kuzinong'oneza kama mtu asaliye. Miaka hamsini na zaidi Kinue alikuwa ameishi juu ya ziwa lile, na sasa ndiyo kwanza analiona chini, shimo kwa shimo.

Lakini moyoni alikuwa anasubiri jambo moja. Mistari ya mhandisi ilikuwa inasogea taratibu kuelekea kwenye alama za baba, na Kinue aliihesabia siku. Ikafika. Mstari mmoja ukapita kushoto, kina mita ishirini. Mwingine ukapita kulia, kina mita ishirini na moja. Shimo la Torakichi, kama lipo, lilikuwa katikati, pasipopita mstari wowote.

Ndipo akamweleza mhandisi habari yote, bila kuficha hata kicheko cha watu. Bwana Kuwabara alisikiliza mpaka mwisho, akafuta miwani.

"Bi Kinue, pima arobaini ni mita sabini na mbili," alisema kwa upole. "Ziwa hili ni sahani. Nimelipima mwezi mzima. Sahani haina shimo la mita sabini na mbili."

Hata hivyo alikubali watoboe shimo moja, kwa ajili ya zile mboga za chumvi, alisema. Habari zikavuja, sijui kupitia kwa nani, na siku hiyo nusu ya kijiji ilikuwa barafuni. Tatsuzo, sasa mzee wa miaka sabini na mwenyekiti wa chama, alikuja na chupa ya chai na mkeka wa kukalia. Kinue akasimama, akatafuta alama zake: ncha ya paa la mnara kwenye pengo la mlima, lango likigusa jabali. Zikakaa sawa kabisa. Mapigo ishirini, bildi ikashuka, kamba ikalegea.

Mita ishirini na moja.

Hakuna aliyecheka kwa sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Tatsuzo alikunja mkeka wake taratibu. "Binti Torakichi, nenda nyumbani ukaote moto," alimwambia. "Mzee wako alitufurahisha miaka arobaini na zaidi. Hilo nalo si dogo."

Kinue alikwenda nyumbani akaketi, miguu chini ya blanketi linalofunika meza fupi yenye jiko la makaa chini yake, bila kugusa chakula. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alijiuliza kama baba alimdanganya. Mtoto wa miaka tisa anahesabu kile anachoambiwa ahesabu. Labda kamba ilikuwa imejikunja. Labda mzee alitaka tu binti yake afurahi. Wazo hilo lilimuumiza kuliko vicheko vyote, akamwambia mumewe hivyohivyo, waziwazi.

Naoji alikuwa anakwangua ubao wa pipa.

"Mnara umeutazama upi?" akauliza.

"Mnara gani tena, Baba Fumi? Hekalu lina mnara mmoja."

"Huu ulijengwa baada ya moto. Mwaka tuliooana. Mbao nilibeba mimi." Akapuliza vumbi la ubao. "Ule wa baba yako ulikuwa huku, kando ya kisima."

Kinue akalisukuma blanketi kando. Ni kweli tupu. Mnara wa zamani uliungua, na mpya ukajengwa hatua thelathini upande wa magharibi, mahali penye ardhi ngumu zaidi. Kijiji kizima kiliuona ukijengwa, na kijiji kizima kilikuwa kimesahau, kwa kuwa mnara ni mnara na kengele inalia ileile. Nadhani hata kuhani ungemuuliza angeapa kwamba haujawahi kusogea.

Asubuhi yake Bwana Kuwabara alikuwa anafunga mizigo. Barafu ilikuwa imeanza kulainika kandokando, basi linamsubiri saa nane mchana, ramani yake kwa hesabu zake imekamilika. Kinue akamsimamia mbele ya kigari.

"Mhandisi, nimekutobolea mashimo mia nne na kumi na mawili. Sijakuuliza hata moja lilikuwa la nini," alisema. "Hili moja ni langu."

Bwana Kuwabara akatazama barafu, akatazama saa, akatazama ule uso wa mama mfupi aliyekunja mikono ya koti mara mbili. Akaanza kufungua mizigo.

Alama ya zamani haikuwepo tena, kwa hiyo walihitaji mpya. Naoji, ambaye hajawahi kujitokeza mbele za watu hata kwa kupiga chafya, alikwenda akasimama kando ya kisima cha hekalu, mahali pa mnara ulioungua, akainua mti mrefu wa kuanikia nguo uliofungwa foronya nyekundu ya godoro. Alisimama hivyo kwenye theluji, mikono juu, na waliopita wakamuuliza ana nini, naye hakuwajibu. Basi wakaona afadhali waende barafuni wakajionee. Tatsuzo akarudi na mkeka wake.

Kinue akasogea hatua kwa hatua mpaka ile nukta nyekundu ikaingia chini ya pengo la Ushidake na lango likagusa jabali. Akatoboa. Bildi ikashuka. Mita kumi, ishirini, ishirini na mbili, na vitambaa vikazidi kupita. Ishirini na tano. Watu wakasogea. Kitambaa cha thelathini kilipozama, mhandisi akashika mwisho wa kamba kwa mikono miwili.

"Kamba imeisha," alisema, na sauti yake haikuwa ya mhandisi.

Kinue alikuwa na nyingine kwenye kigari. Ilikuwa kamba ya baba yake, ya katani, aliyoihifadhi ghalani miaka yote na kuikinga na panya. Mhandisi akaijaribu uzito, akairidhia, wakaiunga, ikaendelea kushuka mikononi mwa Kinue, taratibu, taratibu, mpaka akahisi kwenye vidole lile jambo alilolijua: kugusa, halafu kulegea. Tope, akasema, laini sana. Mhandisi akafunga uzi kwenye kamba palepale ilipokutana na maji. Ilipovutwa juu, mafuta yalikuwa yamegandiwa na tope jeusi ambalo halikufanana na lolote la ziwa lile.

Wakailaza kamba juu ya barafu, wakaipima kwa tepu ya chuma, mhandisi mwenyewe amepiga magoti, ameshasahau kuogopa. Kutoka bildi hadi uzi ilikuwa mita hamsini na nane. Akaipima tena, ikawa ileile. Alisimama akamwinamia Kinue mpaka miwani ikamdondoka, akisema kwamba kumbe kuna tundu la chemchemi chini ya sahani yake, na kama angepanda basi angeondoka na ramani ya kipumbavu. Watu wakashangilia kweli kweli.

Lakini Tatsuzo alikuwa anapiga hesabu kwa vidole. Mdomo wake haukuwa umezeeka hata kidogo.

"Mita hamsini na nane ni pima thelathini na mbili," akatangaza. "Shimo lipo, natubu. Ila thelathini na mbili si arobaini. Mzee alitia chumvi pima nane."

Watu wakacheka, safari hii kwa mapenzi, na mtu mwingine angecheka nao akaridhika. Kinue hakuridhika. Alikuwa amehesabu kwa mdomo wake mwenyewe, na ama ilikuwa arobaini ama haikuwa. Aliitazama kamba iliyolala pale barafuni, ikianza kukauka kwa baridi. Akavua glavu, akaikunjua mikono ya koti mpaka ikamfunika vidole, kisha akaona upuuzi, akalivua koti lenyewe. Akainama akaishika kamba kwenye bildi.

Akanyoosha mikono. Moja. Akanyoosha tena. Mbili. Mikono ile mifupi, minene, kutoka ncha ya vidole mpaka ncha ya vidole. Mhandisi alikuwa wa kwanza kuelewa. Akakunja tepu yake, akamwachia mwenyewe. Kwenye thelathini na mbili uzi ulikuwa bado mbali, na hapo kicheko cha Tatsuzo kikafa. Thelathini na tatu. Thelathini na nne. Wanawake wakaanza kuhesabu pamoja naye, kisha wanaume, na barafu nzima ikahesabu. Pima ya arobaini ilipofunguka, kidole chake cha mwisho kilikuwa juu ya uzi.

Kinue akabaki amesimama, mikono wazi, machozi yanamtiririka bila haya. Hakudanganywa. Mzee alipima kwa mikono aliyokuwa nayo, kama kila mvuvi wa Orikura anavyopima, na miaka yote hiyo kila mtu aliisikia ile arobaini kwa urefu wa mikono yake mwenyewe.

"Kumbe alikuwa mfupi," Tatsuzo alisema polepole. "Alikuwa mfupi tu, basi." Akauchukua mkeka wake, akamtandikia Kinue akae, akammiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Huko kando ya kisima Naoji alikuwa bado ameinua foronya juu, hajaambiwa aishushe, mpaka mtu mmoja akatumwa kumwita.

Ramani ilikuja mwaka uliofuata, ikabandikwa kwenye nyumba ya chama. Katikati ya ziwa, kwenye zile ishirini na ishirini na moja nyingi, imeandikwa 58. Chini yake, kwa brashi na wino, Tatsuzo aliongeza kwa mkono wake: pima 40. Mkoa haukuulizwa.

Na maneno yetu tunayo bado, ila yamegeuka bila mtu kuyageuza: siku hizi husemwa kwa jambo gumu kuaminika ambalo ukilipima utalikuta kweli. Mwaka juzi Kinue, sasa kikongwe, alirudi adhuhuri kutoka barafuni, mashavu mekundu, akamwambia mumewe amevua wakasagi mia tatu. Naoji alitazama ndoo, akatazama ule mwili mdogo uliosimama mlangoni.

"Pima za Torakichi," alisema.

"Ndiyo," Kinue akamjibu, akamsogezea ndoo. "Njoo uhesabu."